Wiki Moja Bila Mpango

Jumapili, tarehe 3 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, magoti kidevuni. Kitanda ni cha mke wangu alipokuwa msichana, na kinamtosha msichana. Ukutani juu ya kichwa changu kuna cheti alichopewa darasa la tano: Nidhamu Bora. Kila usiku nalala chini yake. Kila asubuhi ndicho kinachonitazama kwanza.

Mwaka unaisha. Mwaka gani huu! Januari nilikuwa fundi cherehani mwenye duka, kibao mlangoni, kioo cha kujitazama mwili mzima. Machi nikasikia kwamba hospitali kubwa inatafuta fundi wa kuwashonea wauguzi sare. Nilisikia tu. Kwa kinyozi. Nikawaambia watu nimeshapewa kazi. Nikanunua majora ya kitambaa cha kijani, nikashona mchana kutwa. Hospitali ikasema haijui habari hiyo, na wauguzi wake wanavaa nyeupe. Mei duka likafungwa. Juni tukahama nyumba ya kupanga, na tangu hapo tunaishi kwa mama mkwe. Mimi! Mwanamume mzima, mvi kidevuni, nakaa ukweni! Nalalia shuka la kijani, nafutia mikono taulo la kijani, navaa pajama la kijani. Uso umeumbwa na haya, lakini wangu mwaka huu umefanyishwa kazi kupita kiasi.

Leo habari kubwa. Mke wangu, mwalimu wa hisabati, amepandishwa cheo. Mwalimu mkuu msaidizi, shule ya bweni, mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Anaondoka Jumapili ijayo. Shule inampa nyumba. Nikamwambia kwa furaha kwamba naanza kufungasha. Akakunja nguo moja. Akakunja ya pili. Akasema hajui kama tunakwenda wote.

Akasema hakuchoshwa na umaskini. Amechoshwa na mipango yangu. Kila akiamka hajui jana nimemwambia nani nini, na leo yeye ataulizwa nini na ajibu nini. Akaniomba kitu kimoja. Wiki moja tu bila mpango. Niamke, nile, nifanye lililopo, nilale. Nikiweza, tunakwenda wote. Nikishindwa, anakwenda peke yake. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya.

Nimekubali. Sasa amekwenda kuoga, nami nafikiria namna bora ya kuipita wiki hii bila mpango. Nimeshapata njia tatu.

Jumatatu, tarehe 4 Desemba

Siku ya kwanza. Nimeamka. Nimekula. Nimekaa kibarazani. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Mama mkwe alipita na ndoo ya maji, nikainuka kumpokea, akasema nikae tu, asante. Alisema kwa adabu. Yeye kila kitu ni kwa adabu. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, miaka yote hiyo akiwaapisha mashahidi na kuandika maneno yao, na humu ndani hajawahi kusikika akitia chumvi hata neno moja. Ukimuuliza kama chai imekolea, anaionja kwanza ndipo anajibu. Leo jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, mkweo hajambo, mbona siku hizi yupo nyumbani tu? Mama mkwe akafikiri. Akasema ni kweli, yupo. Akaingia ndani.

Mchana akaja Injinia. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni fundi umeme, lakini nyumba nzima inamwita Injinia tangu siku alipomtengenezea mama yake pasi. Akaja na bisibisi, akakaza bawaba za mlango wa sebuleni, mlango ambao mimi nimekuwa nikiunyanyua kwa goti tangu Juni. Kufumba na kufumbua! Mama mkwe akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, akamwombea mwanawe maisha marefu. Mlango haulii tena. Mimi nilisema nitaukaza Julai.

Halafu bwana huyo akamuuliza dada yake, siku ya kwanza atasimama mbele ya wanafunzi amevaa nini. Mke wangu akasema koti lake la bluu. Lile la bluu! Viwiko vinang'aa kama sufuria. Injinia akasema hapana, yeye atamnunulia jipya, la dukani.

Fundi cherehani nimekaa hapo hapo, chai mkononi. Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililonichoma, kwamba walikuwa wananihurumia. Nikaaga, nikaenda chooni, nikasimama tu humo.

Zawadi si mpango. Jambo hili nimelipima vizuri. Mpango una faida kwa mwenye kuupanga, zawadi haina. Nitamshonea koti mimi mwenyewe, na sitamwambia mtu.

Jumanne, tarehe 5 Desemba

Kitambaa sina. Cha kijani kipo, lakini mke wangu hawezi kusimama mbele ya shule amevaa kama foronya.

Nilikaa sebuleni nikiwaza, macho yakatua dirishani. Mapazia ya mama mkwe. Mahameli! Rangi ya damu ya mzee, mazito, yanashuka mpaka sakafuni. Aliyanunua marehemu baba mkwe, na mama mkwe huyapiga brashi kwa mkono wake, hamwachii mtu. Pazia la kulia liko wazi, kila anayeingia analiona. Lakini la kushoto, kuanzia magotini kwenda chini, limefichwa na kochi kubwa. Nani analiona? Hakuna. Kitambaa kizuri namna ile kinaliwa na vumbi nyuma ya kochi! Kukitoa ni kukihurumia.

Mama mkwe alipotoka kwenda kwa jirani, nikachukua mkasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka nikalala kifudifudi. Nilikata vizuri, mstari umenyooka. Nikawa namalizia. Sikusikia mlango. Ungesikikaje, Injinia si ameukaza! Nikashtukia kochi limelia juu ya kichwa changu. Mama mkwe amekaa. Amewasha redio.

Nikatulia. Taarifa ya habari. Hali ya hewa. Matangazo ya vifo, yote, na majina ya wafiwa wote. Vumbi likanipanda puani, nikajifinya. Kikafuata kipindi cha ufugaji wa sungura. Sasa najua mengi kuhusu sungura.

Mwishowe nikapiga chafya. Mama mkwe akazima redio. Akauliza ni nani. Nikasema ni mimi, mama, natafuta sindano iliyodondoka. Akauliza, imedondoka tangu taarifa ya habari? Nikasema ni sindano ndogo sana, mama. Akasema pole, akatoka. Hakuinama kutazama. Mtu wa heshima zake hamchungulii mkwe nyuma ya kochi. Nilitoka na kipande ndani ya shati, tumbo limevimba, na nilipopita jikoni alinisogezea maji ya kunywa, akasema vumbi lile si zuri kwa kifua. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kitambaa nilikuwa nimeshakipata.

Jumatano, tarehe 6 Desemba

Nashonea stoo. Cherehani imekaa kati ya ngazi na baiskeli mbovu, na mlio wake unasikika nyumba nzima. Kwa hiyo nimewaambia nashona foronya. Kwa hiyo foronya lazima zionekane. Kila mara natoka na foronya ya kijani mkononi, nampa mama mkwe, naye anaipanga kabatini. Leo jioni aliuliza taratibu kama tunatarajia wageni wa kulala.

Tatizo! Kipande nilichokata kina upana, urefu hakina. Mgongo umetoka. Mbele kushoto kumetoka, na mkono mmoja. Mbele kulia na mkono wa pili havitoki. Havitoki ila nikivigeuza, juu kuwe chini. Na mahameli haigeuzwi! Hili mtu anayejifunza ushonaji analijua wiki ya kwanza. Mahameli ina manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Vipande vyote vikielekezwa upande huo, koti lina rangi moja. Ukigeuza kimoja, mwanga unayapiga manyoya vingine kabisa, na kitambaa kile kile kinaonekana rangi mbili. Kosa hili nimewafokea watu kwalo. Mmoja nilimfukuza dukani, akaenda analia.

Nilikaa na chaki mkononi muda mrefu. Ningekata pazia zaidi, lakini hapo lingeonekana juu ya kochi. Ningemwambia mke wangu. Hilo nalo nililifikiria, sikulipenda. Nikatoka nikaitazama balbu ya sebuleni. Ni ya manjano, dhaifu, imejaa mavumbi. Chini ya balbu ile hata mimi naonekana kijana. Jumapili ataondoka kabla jua halijapanda. Na huko aendako, atakayeona atadhani ni kivuli.

Nimekata.

Alhamisi, tarehe 7 Desemba

Siku mbaya, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Mke wangu alirudi mapema, akanikuta nakunja foronya. Akakaa karibu yangu kwenye ngazi za nyuma, bega kwa bega. Akaniuliza, Fundi, wiki inakwendaje? Tangu tuchumbiane ananiita Fundi, na tangu duka lifungwe alikuwa hajaniita hivyo. Akauliza kama kuna mpango wowote. Nikasema hakuna. Akanitazama. Akacheka! Kile kicheko chake kirefu, kichwa kimeinama mpaka magotini. Akasema amewapigia simu kule shuleni, amewaambia anakuja na mumewe. Akasema nyumba ile ina chumba kidogo cha mbele chenye dirisha pana, na cherehani itakaa pale, kwa sababu ameulizia na mwanga wa asubuhi unaingia moja kwa moja.

Ameulizia mwanga kwa ajili yangu.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Maneno yote nilikuwa nayo, pazia, koti, mpaka sungura. Kilichotoka ni kwamba nikauliza kama chumvi ipo jikoni. Akasema ipo. Akaniegemezea kichwa begani. Nikakaa nimekauka, naona haya kwa bega langu mwenyewe, bega la mwongo, na yeye kalifanya mto. Nikajiambia kwamba ni siri ya zawadi, na siri ya zawadi haihesabiwi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Lakini nimebakiza vifungo tu.

Jioni mama mkwe akasema ajabu, siku hizi jua linaingia chini ya pazia la kushoto na kuichoma sakafu. Nikalisukuma kochi mpaka likagusa ukuta. Injinia alikuwepo, maana huyu hakosekani palipo na kitu cha kutengeneza. Akasema taa ya sebule hii haimfai dada yake siku ya kumuaga. Ataleta nyingine. Nyeupe, kubwa, ya kisasa. Humu ndani patakuwa kama mchana, alisema, na mama yake akasema Mungu amzidishie.

Ijumaa, tarehe 8 Desemba

Koti limekwisha. Humu stoo ni zuri, kweli kabisa. Kola imekaa. Mabega yamekaa. Sikumpima mke wangu, vipimo vyake ninavyo kichwani tangu nilipomshonea gauni la kwanza. Mikono yangu haijanisahau. Nililitoa mara moja mpaka mlangoni, kwenye jua, nikalirudisha upesi, sikulitazama sana.

Injinia ameleta taa. Alitaka kuifunga leo leo, akaitwa kazini, akaiacha kwenye boksi juu ya meza. Nikaona nimepata nafasi. Sikuivunja, mimi si mtu mbaya. Niliitoa tu kwenye boksi, nikaweka humo kopo la maziwa ili boksi lipate uzito, na taa yenyewe nikaiingiza ndani ya foronya, nikaizika kabatini chini ya foronya nyingine zote. Nani atazifikia? Zimejaa rafu nzima.

Mama mkwe amezifikia. Ameamua kumpa binti yake foronya aende nazo, kwa sababu hapa, alisema, vichwa havitoshi. Akazitikisa moja moja. Akaja kibarazani ameishika taa kwa mikono miwili. Akaniuliza nadhani imefikaje kule. Nikasema labda Injinia aliogopa isivunjike. Akaitazama taa, akanitazama mimi. Akasema atamuuliza Injinia. Sikumzuia, ingawa nilitaka sana kumzuia. Chakula cha jioni nilikula macho kwenye sahani.

Jumamosi, tarehe 9 Desemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Walikuja walimu wenzake mke wangu, jirani, na Injinia na ngazi yake. Kabla ya chakula nikamwita mke wangu chumbani. Nikalifunua koti. Akaweka mkono mdomoni. Akalivaa. Lilimkaa! Akalia. Akasema alidhani mikono yangu imekata tamaa. Akauliza kitambaa nimetoa wapi, nikasema fundi hakosi kitambaa. Akatoka nalo sebuleni, na chini ya balbu ya manjano walimu wakapiga makofi. Jirani akamgeuza huku na huku. Nilikuwa mtu. Kwa kitambo hicho nilikuwa mtu kabisa, na Injinia yuko juu ya ngazi anahangaika na nyaya.

Akashuka, akabonyeza swichi.

Mke wangu alisimama katikati ya sebule, kushoto damu ya mzee, kulia rangi ya ganda la kitunguu. Mkono mmoja hivi, mkono mmoja vile. Makofi yakaisha moja moja. Mwalimu mmoja, mtu mwema, akasema labda ni mtindo. Injinia akauliza, shemeji, haya ni makoti mawili? Nikasema ni taa yake, taa mbovu. Akaizima, akaiwasha. Nikasema ni macho yao, hawajazoea. Nikasema mahameli ya kweli ndivyo ilivyo. Nilisema na kusema, nakaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe, na wageni wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Mama mkwe alitazama koti. Alitazama dirisha. Akamwomba mwanawe asogeze kochi, na kochi likasogezwa. Pazia la marehemu baba mkwe likabaki linaning'inia magotini, kama suruali ya mtu anayevuka mto. Jirani akacheka, akajizuia, na kule kujizuia kukaniuma zaidi ya kicheko. Mama mkwe akaenda akaishika ile ncha iliyokatwa, akaipapasa kidogo. Akasema, kwa adabu ile ile, kwamba nimekata pamenyooka. Kisha akawakaribisha wageni mezani.

Sijawahi kuona aibu ya namna hii. Duka lilipofungwa niliona aibu kwa watu. Leo nimeona aibu kwa marehemu.

Wageni walipoondoka, mke wangu alikaa kitandani, koti bado mwilini. Nikaanza kueleza. Akainua mkono. Akasema koti si kitu, na habari ya pazia nitaelewana mimi na mama. Lakini Alhamisi aliniuliza. Aliniuliza tumekaa pale nyuma, nikasema hakuna. Akasema ningemwambia habari ya pazia angekasirika, kisha angecheka, kisha kesho tungepanda basi wote. Sasa anakwenda peke yake. Nikipenda, nimpigie kila jioni nimwambie siku yangu imekwendaje, kama ilivyokwenda. Hataki zaidi ya hapo. Siku atakapoona anaweza kuniamini kwa jambo dogo namna hiyo, ataniita.

Nikauliza kama naweza kulirekebisha koti. Akazima taa.

Jumapili, tarehe 10 Desemba

Ameondoka. Injinia ndiye aliyempeleka kituoni. Alichelewa, bila shaka makusudi. Gari lilijaa mizigo na foronya, sikupata nafasi, nikamuaga getini. Alikuwa amevaa lile koti! Nikamuuliza kwa nini, na la bluu lipo. Akasema asubuhi ina baridi, na hili limeshonwa vizuri. Jua lilikuwa limeshapanda. Niliziona rangi zote mbili mpaka gari lilipokata kona.

Nimerudi chumbani. Kitanda sasa kinanitosha. Nikanyoosha miguu, nikaikunja tena. Zamani, jioni, alikuwa anapitia dukani akitoka shule, anakaa kwenye ncha ya meza yangu ya kukatia na kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mimi nakata, yeye anaweka vyema na makosa kwa kalamu nyekundu. Hatukuwa tunasema kitu. Nilikuwa naona jioni zile hazina maana, ndiyo maana nikatafuta jambo kubwa la kumwambia. Kwa kinyozi nikalipata.

Sasa nakaa ukweni bila mke. Hilo hata jina halina. Mama mkwe amebisha hodi, ameweka chai, amesema ni ya moto. Ilikuwa ya moto. Nilitaka kumwomba radhi kwa pazia, nikasema asante mama, akaenda zake.

Nimeapa. Kesho jioni nitamwambia mke wangu siku yangu kama itakavyokuwa. Si kazi ngumu. Hata mtoto anaweza.

Jumatatu, tarehe 11 Desemba

Siku yangu, kama ilivyokwenda. Nimeamka. Nimekunywa chai. Mama mkwe amenipa pazia la kushoto na kitambaa cha kijani, akasema nilirefushe, sakafu inaungua. Nimelirefusha. Sasa dirisha lina pazia moja la heshima, na moja lililovaa soksi za hospitali. Mteja hakuja hata mmoja. Hakuja mtu yeyote ila jirani, naye alikuja kuliona pazia. Basi, hiyo ndiyo siku. Niliifanyia mazoezi stoo kwa sauti: nimeamka, nimerefusha pazia, mteja hakuna. Ilikuwa inatoka vizuri kabisa.

Jioni nikampigia. Mtandao unashika sebuleni tu, kwa hiyo nilisimama pale pale, na mama mkwe kwenye kiti chake, miwani puani. Mke wangu akapokea. Sauti yake! Akasema amefika salama, nyumba ni safi, dirisha la chumba cha mbele ni pana kweli. Walimu wa kule wamemuuliza koti lile limeshonwa na nani. Amewaambia ni mumewe, amekosea kukata. Wamecheka wote. Akauliza, na mimi je, siku imekwendaje?

Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema nimeamka. Kikaja kimya kidogo, na kimya kile kilikuwa kitupu mno. Mwanamume ameamka! Ndiyo habari yake ya kutwa nzima, na mkewe yuko mbali na dirisha pana. Nikasema wamekuja wateja wawili. Mmoja suruali, mmoja gauni. Nikajisikia nasema yule wa gauni ana maneno mengi.

Mama mkwe akainua macho.

Mke wangu akaniomba, kwa upole, nimpe mama simu. Nikampa. Simu ile inapaza sauti, swali nililisikia vizuri: mama, ni kweli leo wamekuja wateja wawili?

Akatazama pazia lake lenye soksi. Akanitazama mimi. Najua alichokiona, kwa sababu na mimi nilikiona kwenye kioo cha kabati nyuma yake. Mtu mzima ndani ya pajama la kijani, mikono kifuani, midomo inasema tafadhali. Akavua miwani. Akafumba macho. Akasema ndiyo, mwanangu, wamekuja wawili.

Akanirudishia simu bila kunitazama. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na hakutoka kula.

Nimekaa hapa, sijui uso wangu niuweke wapi. Mama wa watu, aliyewaapisha mashahidi miaka yote ile, leo amesema uongo, huenda wa kwanza maishani mwake, akamwambia mtoto wake wa kumzaa, kwa ajili yangu. Na mke wangu aliamini! Sauti ilimbadilika. Akasema, Fundi, tukiendelea hivi, mwisho wa mwezi nakuita. Nastahili kufukuzwa. Nastahili kulala stoo na baiskeli. Kesho asubuhi, kabla hata ya chai, nitapiga magoti mlangoni kwa mama mkwe, nimwombe radhi kwa machozi, nimwambie haitatokea tena.

Ingawa, kwa shahidi kama yule, kesho ningeweza kusema watatu.